Je, Virusi Huleta Saratani ya Mlango wa Kizazi?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, ambaye ni daktari, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Imechapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kamati iliniomba nichague jambo la kisayansi litakalowafaa wazee na vijana kwa pamoja. Nimechagua saratani ya mlango wa kizazi. Najua wako wanaojiuliza kwa nini maradhi ya akina mama yaletwe katika ukumbi wa shule ya wavulana. Jibu langu ni fupi. Kila mmoja wetu humu amezaliwa na mwanamke. Wengi wetu ni waume wa watu na baba wa mabinti. Tena, kama nitakavyoeleza, chanzo cha maradhi haya hupita kwetu sisi wanaume kabla ya kuwafikia wao.

Kwanza nitaje ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walikufa. Katika kila vifo 100, vifo 94 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake: kwa mwaka huo makadirio yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Kwa jirani zetu wa Kenya, wagonjwa wapya walikuwa zaidi ya 5,000 na vifo zaidi ya 3,000. Hawa aghalabu si vikongwe. Ni akina mama wenye watoto wanaosoma bado, wenye mashamba, maduka na kazi za ofisini.

Sasa swali: je, virusi vinahusika? Jibu ni ndiyo, tena vinahusika katika karibu kila saratani ya aina hii. Lakini sipendi mniamini kwa sababu tu ya udaktari wangu. Katika maabara ya shule hii tulifundishwa kudai ushahidi kabla ya kuandika hitimisho. Kwa hiyo tuufuate ushahidi hatua kwa hatua, kisha tuone unatudai nini.

WATAWA WA VERONA

Mwaka 1842 daktari wa Kiitalia, Domenico Rigoni-Stern, alichapisha hesabu za vifo vya mji wa Verona. Alikuwa amezipitia daftari za vifo za tangu 1760 mpaka 1839. Aliona kwamba saratani ya kizazi iliwaua sana wanawake walioolewa na wajane, lakini ilikuwa adimu miongoni mwa watawa. Saratani ya matiti, kinyume chake, ndiyo iliyokuwa nyingi kwa watawa.

Hesabu hizo zilidokeza kwamba maradhi haya yana uhusiano na maisha ya ndoa, yaani na tendo la kujamiiana. Hazikusema zaidi ya hapo. Nyayo zinaweza kuonyesha mwizi alipita njia gani, lakini haziandiki jina lake. Ilipita zaidi ya miaka 140 kabla jina hilo halijajulikana.

JE, VIRUSI VYAWEZA KULETA SARATANI?

Jambo la pili lililohitaji kuthibitishwa ni kama virusi vyaweza kuleta saratani yoyote ile. Mwaka 1911 Peyton Rous, wa New York, alichukua uvimbe wa saratani wa kuku, akausaga, na maji yake akayachuja kwa chujio ambalo seli na bakteria haviwezi kupenya. Maji hayo akawadunga kuku wazima. Nao wakaota uvimbe ule ule. Kilichopita katika chujio kilikuwa kitu kidogo kuliko bakteria, nacho ni kirusi. Watu wengi walisema mambo ya kuku hayamhusu binadamu. Rous alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baada ya jaribio lake.

Mwaka 1933 Richard Shope, naye wa Marekani, alionyesha kwamba sungura wa porini waliokuwa wakiota chunjua ngumu kama pembe walikuwa wameambukizwa virusi. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba chunjua hizo zaweza kugeuka saratani. Kumbukeni chunjua hizo za sungura, kwa sababu tutazirudia.

Ushahidi wa kwanza kwa binadamu ulitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa ajabu uliokuwa ukiota katika mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilometa zipatazo 16,000, kutoka Uganda kushuka kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza: je, uvimbe huu mnauona? Waligundua kwamba huonekana katika sehemu za joto na mvua, na hauonekani katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huo huo alitoa hotuba London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda hadi maabara yake. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliviona virusi ndani ya seli za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana vinavyohusika na saratani ya binadamu.

MSHUKIWA ASIYEHUSIKA

Virusi hivyo vya Epstein ni wa ukoo wa herpesi. Si ajabu basi kwamba, katika miaka ya 1960 na 1970, wataalamu wengi walikitazama kirusi kingine cha ukoo huo huo, kile kinacholeta malengelenge katika sehemu za siri, wakasema ndicho kiletacho saratani ya mlango wa kizazi. Walikuwa na sababu. Walipopima damu, waliona kwamba wanawake wenye saratani hii walikuwa na dalili za kuwahi kuambukizwa herpesi kuliko wanawake wasiokuwa nayo.

Vijana wa sayansi, hapa pana somo. Mambo mawili yakionekana pamoja, hilo peke yake halithibitishi kwamba moja limezaa jingine. Wageni wawili wakiingia kwa mlango mmoja usiku mmoja, na asubuhi kuku hayupo, si lazima wote wawili wawe wezi. Herpesi na kirusi chenyewe cha saratani huambukizwa kwa njia moja, kwa hiyo palipo na kimoja mara nyingi huwapo na cha pili.

Herpesi iliachiwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, Harald zur Hausen, mtaalamu wa Kijerumani, aliutafuta urithi wa kirusi hicho, yaani DNA yake, ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi, asiuone. Mtu huyu hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani kabla ya hapo alikuwa ameionyesha DNA ya virusi vya Epstein ndani ya uvimbe wa Burkitt. Ya pili, huko Prague watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 kwa miaka kadhaa, na mwaka 1984 wakaripoti kwamba wenye herpesi hawakuugua saratani kuliko wenzao.

VIRUSI VYA CHUNJUA

Zur Hausen akageukia virusi vya papiloma, yaani virusi vya chunjua, ndugu za wale virusi vya sungura wa Shope. Katika vitabu vya uganga kulikuwa na taarifa za hapa na pale za masundosundo ya sehemu za siri yaliyogeuka saratani. Mwaka 1976 alitangaza fikira yake kwa maandishi. Wengi hawakukubali. Hata maabara yake ilipovipata virusi vya masundosundo na kuvitafuta katika saratani, havikuonekana isipokuwa mara chache sana.

Badala ya kuacha, walitafuta aina nyingine za ukoo huo. Mwaka 1983 walipata aina waliyoipa namba 16, nayo ilikuwamo katika kiasi cha nusu ya saratani walizozipima. Mwaka 1984 wakapata namba 18. Mwaka 2008 zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 2023.

Hiyo namba 18 ilikutwa pia mahali ambapo dunia nzima ya sayansi ilikuwa ikipatazama kila siku. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, madaktari walichukua kipande cha uvimbe wa mama mmoja Mmarekani Mweusi, Henrietta Lacks, bila ya kumwomba idhini. Alikufa Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 31, akaacha watoto watano. Seli zake hazikufa. Zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana katika chupa bila kikomo, na mpaka leo zinatumika duniani kote kwa jina la HeLa. Uvimbe uliomuua ulikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ndani ya seli hizo imo DNA ya kirusi namba 18. Watafiti walikuwa na jibu katika chupa zao kwa zaidi ya miaka 30. Kikulacho ki nguoni mwako.

UTHIBITISHO

Mwalimu wa biolojia atauliza: vipi kuhusu kanuni za Robert Koch? Koch, ambaye aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam zama za Wajerumani, anakumbukwa kwa kanuni kwamba kijidudu lazima kipatikane kwa mgonjwa, kioteshwe peke yake, kisha kikiwekwa kwa mwenye afya kilete maradhi yale yale. Virusi vya papiloma haviwezi kuoteshwa kwa urahisi katika maabara, na hakuna mtu mwenye utu atakayemwambukiza mwanamke saratani ili kuthibitisha hoja. Ilibidi uthibitisho utafutwe kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kuvitafuta virusi katika saratani za mataifa mengi. Kazi hiyo ilifanywa kwa vipande vya uvimbe vilivyokusanywa kutoka nchi 22, na mwaka 1999 ikaripotiwa kwamba DNA ya virusi vya papiloma ilikutwa katika asilimia 99.7 ya saratani hizo. Ni nadra sana katika uganga kuona chanzo na maradhi vikifuatana kwa kiasi hicho. Hata sigara na saratani ya mapafu hazifikii hapo, maana wako wasiovuta ambao huugua mapafu. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikuwa limekwisha kuziandika namba 16 na 18 katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Njia ya pili ni kueleza kazi yenyewe inavyofanyika. Mlango wa kizazi ni sehemu nyembamba ya chini ya mfuko wa uzazi. Hapo hukutana ngozi laini za aina mbili, ya nje yenye tabaka nyingi na ya ndani yenye tabaka moja, na katika mpaka huo seli hubadilika daima. Hapo ndipo virusi hupata nafasi, wakipenya katika mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho.

Fikirini lori lililojaa mahindi likiteremka mlima Kitonga. Dereva ana breki, na njiani yupo askari mwenye uwezo wa kulisimamisha gari bovu. Seli nayo ina breki, protini iitwayo Rb, inayoizuia isigawanyike ovyo. Ina na askari, protini iitwayo p53, ambaye akiona urithi wa seli umeharibika huisimamisha mpaka irekebishwe, au huiamuru ife. Kirusi namba 16 au 18 hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E7 huikata ile breki, na E6 humwondoa yule askari. Seli huendelea kugawanyika, na kila kosa linalotokea katika urithi wake hupita bila ya kukaguliwa. Makosa yakirundikana mwaka baada ya mwaka, saratani huzaliwa. Wataalamu walipozizima E6 na E7 katika seli za HeLa, seli hizo zilizokuwa zikizaliana tangu 1951 ziliacha kugawanyika.

Njia ya tatu ndiyo iliyo bora kupita zote: ondoa chanzo, uone kama maradhi yataondoka. Hili limewezekana kwa chanjo, na matokeo yake nitayaeleza punde.

KUAMBUKIZWA SI KUUGUA

Ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi huvunjika bure.

Aina za virusi vya papiloma, ambavyo siku hizi hujulikana kwa herufi HPV, ni zaidi ya 200. Nyingi huleta chunjua za mikono na miguu tu. Zinazoweza kuleta saratani ni kama 14, na namba 16 na 18 peke yake huleta kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivi vimeenea mno. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, huvipata wakati fulani baada ya kuanza kujamiiana, wala hawajui, kwa kuwa haviumi wala haviwashi. Katika kila walioambukizwa kumi, tisa hivi mwili huvishinda wenyewe katika muda wa miaka miwili.

Kwa wachache havitoki. Hapo seli huanza kuharibika polepole, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla saratani haijatokea. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ni dhaifu, kama mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka hiyo yaweza kupungua ikawa 5 hadi 10. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita kuliko asiyekuwa nayo. Kuvuta sigara na kuzaa mara nyingi pia huongeza hatari. Kwa hiyo kirusi ni chanzo cha lazima, bila yake karibu hakuna saratani hii. Lakini peke yake hakitoshi. Mbegu haioti kila inapoangukia.

Yafuatayo ni matokeo ya maelezo hayo. Mke akiambiwa ana virusi hivi, au ana saratani, hilo halithibitishi kwamba amekosa uaminifu. Pengine aliambukizwa miaka 20 iliyopita. Pengine aliyemwambukiza ni mumewe mwenyewe, ambaye naye aliambukizwa kabla hawajajuana. Wapo waume ambao wakisikia tu kwamba maradhi hutokana na kujamiiana humrudisha mke kwao, akafie huko. Mtu wa namna hiyo ajiulize kwanza virusi vilipita njia gani. Kwa mwanaume havina dalili mara nyingi, na mpaka leo hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanaume hospitalini. Hawezi kuapa kwamba yeye hakuvileta.

CHANJO NA UCHUNGUZI

Mwaka 1991, mjini Brisbane, Australia, Ian Frazer na mwenzake Jian Zhou waligundua kwamba protini ya ganda la kirusi hiki, ikitengenezwa peke yake, hujiunga yenyewe ikawa ganda tupu. Ni kama nyumba iliyokamilika kwa nje, ndani hamna mtu. Ganda hilo halina urithi wa virusi, kwa hiyo haliwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Lakini mwili ukiliona hujifunza kumtambua adui. Zhou alifariki mwaka 1999, kabla chanjo haijaidhinishwa mwaka 2006.

Sasa tazameni matokeo. Nchini Sweden, mwaka 2020, iliripotiwa kwamba wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa. England, mwaka 2021, upungufu kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 ulikuwa asilimia 87. Scotland, mwaka 2024, haikuonekana saratani hata moja miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu katika umri huo. Hiyo ndiyo njia ya tatu ya uthibitisho niliyoahidi. Chanzo kimeondolewa, na maradhi yameondoka.

Afrika haikubaki nyuma. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilianza Aprili 2018 na Kenya Oktoba 2019. Mwanzoni dozi zilikuwa mbili au tatu, na wasichana wengi hawakurudi kwa dozi iliyofuata. Utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi moja huzuia maambukizo ya namba 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Mwanza nako, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipimwa ili kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Kutokana na tafiti kama hizi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilikubali dozi moja, na tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haya ni mambo yaliyothibitishwa kwa damu ya mabinti wa kwetu.

Mtu huniuliza: chanjo hii si ya kuwafunga uzazi watoto wetu? Hapana. Imetolewa kwa mamilioni ya wasichana tangu 2006, na wengi sasa ni akina mama. Kwa hakika saratani yenyewe ndiyo iharibuyo uzazi, kwa kuwa tiba yake mara nyingi ni kuondoa mfuko wa uzazi au kuuchoma kwa mionzi. Mwingine huuliza: kwa nini apewe mtoto wa miaka 9 ambaye hajui lolote? Ni kwa sababu hajui lolote. Chanjo hukinga, haiponyi maambukizo yaliyokwisha kuingia. Paa huezekwa kabla ya masika.

Kwa akina mama ambao umri wa chanjo umewapita, upo uchunguzi. George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, alionyesha kwamba seli zikikwanguliwa kwenye mlango wa kizazi zaweza kutazamwa kwa hadubini, na mabadiliko yakaonekana kabla ya saratani. Kitabu chake na Herbert Traut kilitoka mwaka 1943. Kipimo hicho kimeokoa wengi katika nchi tajiri, lakini kinahitaji maabara na wataalamu. Kwa hiyo katika zahanati na vituo vyetu hutumika kipimo cha siki. Muuguzi hupaka asidi hafifu ya siki, hungoja kidogo, na sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe. Ikifaa, hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuigandisha au kuiunguza kwa joto. Huko Mumbai, India, uchunguzi huu ulijaribiwa katika utafiti wa wanawake zaidi ya 150,000, nao ulipunguza vifo kwa asilimia 31. Siku hizi kiko pia kipimo cha virusi vyenyewe, na mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na mwenye VVU akiwa na miaka 25.

Uchunguzi hufanywa kabla ya maumivu. Anayengoja maumivu amechelewa. Hata hivyo dalili zijulikane: kutokwa na damu baada ya kujamiiana, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya kiuno yasiyokwisha. Mwenye dalili hizo asipewe mitishamba ya miezi sita. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.

WAJIBU WETU

Nimalizie na sisi wenyewe. Katika nyumba nyingi, nauli ya kwenda hospitali hutoka mfukoni mwa baba. Barua ya shule ya kuomba idhini ya chanjo hutiwa sahihi na baba. Muuguzi akimwambia mama arudi na mumewe, anayekataa ni baba. Sisi hatuna mlango wa kizazi, lakini ufunguo mara nyingi tumeushika sisi.

Ninyi vijana, yenu ni haya. Chelewesheni kuanza kujamiiana, na punguzeni idadi ya wenzi. Hizo si nasaha za kanisani na msikitini tu, ni hesabu. Kondomu hupunguza maambukizo, ingawa haizuii yote, kwa kuwa virusi hivi huambukizwa kwa kugusana ngozi. Tohara nayo husaidia: katika utafiti wa Rakai, Uganda, ulioripotiwa mwaka 2011, wake wa wanaume waliotahiriwa walipata maambukizo ya aina za hatari kwa asilimia 28 pungufu. Achaneni na sigara. Na mjue kwamba virusi hivi huleta pia saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Anayedhani haya ni ya wanawake peke yao amekosea.

Ninyi wanachama wenzangu, mkifika nyumbani ulizeni maswali mawili. Binti yetu amechanjwa? Mama yake amepimwa? Kama jibu la lolote ni hapana, pangeni siku kabla ya mwezi kwisha.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako natoa hoja. Nyuma ya ukumbi huu liko jiko, na katika jiko hilo wako akina mama wanaoamka alfajiri kuwapikia vijana hawa uji, kama walivyotupikia sisi wale waliowatangulia. Naomba chama chetu kimwendee Mganga Mkuu wa Wilaya, tupange naye siku moja ya uchunguzi hapa shuleni kwa wapishi, wafanyakazi, walimu wa kike, wake za walimu, na akina mama wa vijiji vya jirani. Gharama ya usafiri na chai itoke katika mfuko wetu wa mwaka huu, hata kama itabidi kupaka rangi bweni moja badala ya mawili. Watakaokutwa na dalili za mwanzo watibiwe, na watakaohitaji hospitali kubwa tuwasaidie nauli ya kwenda na kurudi.